Bakuli Lililoamua Kuwa Pia

Septemba mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Kijana wa Slovenia, Tadej Pogačar, alipanda vilima vyetu kwa kasi ambayo mimi siwezi hata kuviteremka, akaenda zake na jezi ya ubingwa. Tangu hapo mtaa wetu wa Nyamirambo haujatulia. Shemeji yangu, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, kanunua baiskeli ya mbio. Mwenye duka la mchele naye kanunua. Jumapili za siku isiyo na magari, wanaume wa rika langu hupita wamevaa kaptura za kubana ambazo wake zao wasingezikubali siku nyingine yoyote ya wiki. Nikaona nami lazima nitafute cha kuzungusha. Nikanunua keezo.

Faida yake niliiona mapema: keezo huzunguka mchana kutwa na haliendi popote, kwa hiyo halina mlima.

Kwa asiyelijua, hii ni mashine inayoshika kipande cha mti kichwani na kitakoni, ikakizungusha, nawe ukakiegemezea patasi mpaka kila kisicho duara kiondoke. Ni ufundi wa kale. Katika kaburi la kuhani Petosiris huko Misri, la yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, wamechorwa watu wawili wakikereza, mmoja anavuta kamba na mwenzake kashika chombo. Pwani yetu nako, ile miguu ya vitanda vya Lamu na Unguja, yenye mafundo na viuno, ilipitia kwa mkerezaji. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Tanga juu ya kitanda cha namna hiyo, na katika ukoo wetu jambo hilo hutajwa kwenye kila harusi na kila msiba. Kwa hiyo nilijihesabu mrithi. Kwamba bibi alikilalia tu kitanda, hakukitengeneza, halikunishughulisha.

Keezo langu lilizaliwa Gakinjiro, Gisozi. Anayeijua Kigali anaijua Gakinjiro: vibanda na maghorofa ya makochi, milango, misumari na gundi, vumbi la mbao hewani tangu asubuhi, soko ambalo moto umelipiga zaidi ya mara moja na kila mara likasimama tena. Huko fundi mmoja alinikusanyia mota iliyostaafu kazi ya kusaga mahindi, beringi mbili, vyuma vya pembe na mkanda wa gari, akavichomelea pamoja vikawa mashine. Patasi na bobari alinifulia kwa springi za gari, chuma kinachostahimili. Alitaka kuniongezea na zile zinazotokana na tupa za zamani, nikazikataa, maana tupa ni ngumu lakini huvunjika ghafla, na ikivunjikia kwenye kitu kinachozunguka, vipande havichagui pa kwenda.

"Muzee," aliniambia akihesabu fedha zake, "hii mashine haina shida. Shida iko kwa miti."

Neno hilo nimelishika mpaka leo. Yote nitakayoyasimulia hapa, yasomwe kwa msingi huo.

Nilijiwekea sharti moja: sitanunua mbao, nitaokota. Mke wangu aliuita ubahili. Mimi nina maelezo marefu zaidi. Rwanda imefikia lengo lake la kuifunika asilimia 30 ya nchi kwa misitu. Hesabu ya mwaka 2019 ilitoa asilimia 30.4. Lakini sehemu kubwa ya misitu hiyo ni ya kupandwa, na sehemu kubwa ya iliyopandwa ni mikaratusi, na mikaratusi mingi hatima yake ni jiko. Wakati huohuo mjini hapa, miti yenye mbao nzuri huanguka kila msimu wa mvua: mjakaranda uliochoka, mgrevilea uliozidi ukuta, mparachichi uliozeeka. Nayo huishia jikoni vilevile. Jirani zetu wa Kenya wamepitia somo hili kwa uchungu. Wachongaji wa Kikamba walichonga mpingo na muhugu mpaka miti hiyo ikawa adimu, ndipo wengi wakageukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ya mashambani na ya barabarani. Kinyago cha mwembe kinauzika. Basi na bakuli la mparachichi litauzika, nilimwambia mama watoto. Akauliza kama nimeshapata mnunuzi. Nikamwambia nazungumzia misitu.

Kuokota mbao Kigali si kazi ya kulala. Hapa mti haukatwi hovyo. Hata ulio wako, uani kwako, unahitaji kibali. Kwa hiyo kibali kikitoka, habari hutangulia shoka. Ukifika utamkuta mwenye tanuri la mikate amekwisha tia mkono kwenye matawi, mchoma makaa anapima shina kwa macho, na mwenye mti kajua ghafla kwamba ana mali. Mparachichi wangu wa kwanza ulikatwa kwa rafiki yangu mmoja, Kimisagara, chini bondeni. Nilipata kipande cha shina kwa ahadi ya bakuli. Rafiki yangu bado anasubiri bakuli, na namshukuru kwa subira yake.

Tatizo likawa usafiri. Nilimwita motari, dereva wa pikipiki ya abiria, nikasimama kando ya barabara nimekumbatia gogo. Sheria za hapa zinajulikana: abiria mmoja, helmeti moja. Kijana alilitazama gogo, akanitazama mimi, akaivua ile helmeti ya abiria mkononi kwake, akauliza kwa adabu ya mtu anayeogopa faini:

"Muzehe, anavaa nani?"

Hatukuelewana. Nikampigia shemeji, ambaye kwa bahati alikuwa anapita Kimisagara na ile baiskeli yake ya mbio, mali ya thamani kuliko friji la nyumbani kwake. Gogo tulilifunga juu ya kiti kwa kamba ya katani. Tukalisukuma kupitia Kwa Mutwe, ule mlima wa mawe ambao Pogačar naye aliupanda, ila yeye hakuwa na mparachichi. Watoto walitushangilia kwa dhati njia nzima. Gurudumu la nyuma la baiskeli halijarudi kuwa duara kamili tangu siku ile, na shemeji analitaja kila tunapokula pamoja.

Mti mbichi, kwa wasiojua, umejaa maji. Ukiuzungusha kwa kasi, maji yale hayadondoki; yanaruka, tena kwa mstari ulionyooka. Karakana yangu ni kibaraza cha nyuma, na mbele ya kibaraza ndipo inapoanikwa nguo. Siku ile mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Nyagatare na alikuwa ameanika vitenge vyake. Majimaji ya mparachichi yakikauka kwenye kitambaa huacha alama ya kahawia. Vitenge vitatu vilipata mstari mmoja, ulionyooka sana. Mshonaji asingeweza kuunyoosha vile. Nilimwonyesha mama mkwe jinsi mstari ulivyonyooka. Hakuwa tayari kwa mazungumzo hayo.

Mimi mwenyewe maji hayakunipata, kwa kuwa nilikuwa nimejikinga uso. Hili nalisema kwa msisitizo kwa yeyote anayefikiria kuanza: usiwashe keezo bila kinga ya uso, hata kwa jaribio dogo. Vioo vya kazi hiyo sikuvipata karibu, nikanunua kwa kijana mmoja helmeti kuukuu ya pikipiki, yenye kioo cha kushuka mpaka kidevuni. Inafaa kabisa. Kasoro yake pekee ni kwamba kibaraza changu kinaonekana kutokea langoni. Siku moja nimeinama juu ya kazi, kioo kimeshuka, mota inanguruma, bwana mmoja mwenye mkoba akachungulia akauliza Remera ni kiasi gani. Nikamtajia bei. Akasema ni ghali, akaondoka.

Bakuli la mparachichi lilitoka zuri, nalisema bila kujisifu. Duara, jeupe, la kuvutia mkono. Mama watoto alilizungusha vidoleni akasema, "Kumbe unaweza," akaliahidi kwa dada yake kwa ajili ya Idi. Hapo ndipo mti ulipoanza vituko. Mti unapokauka husinyaa, na hausinyai kwa haki: kwa kuzifuata pete zake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda. Bakuli lililokerezwa bichi likiwa duara, hukauka likiwa yai. Wajuzi hukereza mara mbili. Kwanza huliacha nene, unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo, wakalihifadhi kivulini miezi kadhaa ndani ya maranda yake, kisha hulirudisha mashineni likiwa limekwisha maliza kujikunja. Hayo yote nilikuwa nayajua. Ila dada yake mke wangu alikuwa anaijua tarehe ya Idi.

Wiki ya Idi bakuli lilikuwa linayumba mezani. Shemeji, akilikumbuka gurudumu lake, alisema kwamba nina kipaji cha pekee cha mayai. Nikalirudisha kwenye keezo kulirekebisha. Unapokereza yai kulifanya duara, unakula zaidi upande uliotokeza. Baada ya muda nikawa upande mmoja bado nina mti, na upande wa pili naona mwanga. Kisha likatoa mlio mdogo na mdomo wote ukaondoka. Kilichobaki kikawa kisahani. Kisahani kilikuwa na ufa, nikakipunguza kikawa kifuniko cha sukari. Kifuniko hakikuingia kwenye kopo, kikawa kitasa cha droo. Kitasa kilikataa skrubu kikapasuka nusu, na ile nusu, kwa hiari yake, ikaja kuwa pia. Kijana wangu aliizungusha sakafuni ikasimama muda mrefu kuliko pia yoyote iliyowahi kuonekana mtaani. Mpaka leo watoto wa jirani wanajua kwamba mimi ni fundi wa pia, na huja kuagiza. Nimeacha kuwasahihisha.

Sasa nizungumze kuhusu mkaratusi, kwa kuwa nina kesi nao. Wamisionari waliuleta nchini mwanzoni mwa karne iliyopita, na miaka ya 1930 huko Ruhande, Huye, likaanzishwa shamba la majaribio ya miti ambalo lipo mpaka leo na lina mikaratusi ya aina nyingi. Ulienea kwa sababu unakua upesi, unanyooka, na ukiukata unachipua upya. Sifa hizo zote ni za mti uliosimama. Mti uliolala ni habari nyingine. Mkaratusi hukua ukiwa umejikaza ndani kwa ndani, hivyo hata kabla hujaupasua huanza kupasuka wenyewe kutoka kiini. Mbichi, unapasuka. Ukikauka juu ya paa miaka thelathini, unakuwa kitu ambacho patasi ya springi hukiparuza tu.

Nilipata mbao za paa la namna hiyo ilipovunjwa nyumba ya zamani juu kidogo ya kwetu. Mwenye nyumba alinipa bure, akanisaidia na kubeba, jambo ambalo lingemshtua mtu mwerevu. Zilikuwa na rangi nyekundu nzito, nzuri ajabu, na zilikuwa na misumari. Aliyelipiga paa lile hakuwa anaamini msumari mmoja. Kila palipokutana mbao mbili alipiga minne, na palipomshinda alikunja msumari akapiga mwingine juu yake. Nilitoa sumaku ndani ya spika ya redio iliyokufa, nikaipitisha polepole juu ya kila ubao, nikang'oa nilichokipata mpaka kopo la maziwa ya unga likajaa. Sumaku ilipata misumari yote isipokuwa mmoja uliokatikia ndani kabisa. Huo ulipatwa na patasi.

Ukitaka kujua sauti yake, sina la kuilinganisha nayo. Cheche ziliruka, patasi ikarudi nyuma, na bakuli lililokuwa limebakiza msasa tu likafunguka kwa ule ufa wa kiini. Nusu moja ilibaki mashineni ikizunguka peke yake. Nusu ya pili ilipita juu ya ukuta, ikaingia kwa jirani bila hodi, ikatua katika banda la kuku.

Mwenye banda ni mama mjane wa makamo, mtaa mzima tunamwita Mama Kuku naye hachukii. Alikuja na nusu bakuli mkononi. Nikaivua helmeti, nikaanza: "Shikamoo mama, mti huu..." Aliinua kiganja ninyamaze. Nikajua yamenifika. Lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa nyuma yangu, pale ambapo maranda ya miezi kadhaa yalikuwa yamejirundika mpaka usawa wa dirisha.

"Hizi," akauliza, "unazifanyia nini?"

Mkerezaji wa bakuli, na hili wavumbuzi wa burudani hii hawalisemi waziwazi, si mtengenezaji wa bakuli. Gogo linaloingia mashineni, sehemu kubwa hutoka likiwa maranda. Bakuli ni kile kidogo kilichonusurika. Kwa kipimo cha uzito mimi ni kiwanda cha maranda chenye tatizo dogo la bakuli. Mama Kuku aliliona hilo kwa jicho moja. Tangu siku ile anachukua maranda kwa magunia, na kwa kila magunia mawili hurudisha mayai. Mayai ya kuku, ya duara lisilo kamili, ambayo mke wangu huyaweka mezani bila kusema neno.

Mapaleti nitayapitia haraka. Katika maduka ya jumla ya Mateus hutupwa mapaleti ya misonobari yaliyosafiri na vigae kutoka bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja. Ukiyaokota, soma muhuri kwanza. Wenye herufi HT ni mti uliotibiwa kwa joto, huo unafaa. Wenye MB ulifukizwa dawa ya sumu, uache hapohapo hata kwa kuni. Mbao zake ni nyembamba, unaziunganisha kwa gundi, na ukishaziunganisha unaomba Mungu. Bakuli langu lilitawanyika katika vipande vile vile nilivyovianzia. Kwa maneno mengine, hasara haikuwepo.

Kilichonigharimu hadhi ni saiprasi. Niliipata kwenye uzio uliofyekwa, imekauka vizuri, laini kwa patasi, na harufu yake inapokatwa humfanya mtu asimamishe kazi avute pumzi. Nikakereza bakuli kubwa, refu kidogo, lenye kiuno. Halikupasuka wala halikupinda. Nililipaka nta ya nyuki, nikalikalisha mezani siku mbili nilitazame. Ndipo baba mkwe naye akaja kutoka Nyagatare. Baba mkwe ni mtu wa ng'ombe, amekunywa maziwa tangu kabla hajatambaa, na mimi, badala ya kumpa kikombe cha bati, nikamtilia ikivuguto, maziwa ya mgando, ndani ya bakuli langu, nikampelekea kwa mikono miwili.

Alikunywa funda moja. Akalishikilia mdomoni. Akameza kwa sababu ya malezi.

"Mwanangu," aliniambia taratibu, "ng'ombe huyu mnamfuga kabatini?"

Maziwa hunyonya harufu ya chombo, na saiprasi ina harufu ambayo watu wa Ulaya huiweka kwenye makabati kuwafukuza nondo. Mzee hakuniacha hapo, alinipa darasa. Inkongoro, ile ya kunywea maziwa, na icyansi, ya kukamulia, huchongwa kutoka kwenye gogo kwa mkono, bila mashine yoyote, na anayezichonga huchagua mti kwa kuujua. Akaniuliza nani alinichagulia mti huu. Nikajibu kwamba nimeuokota. "Ndiyo," akasema, "inaonekana." Bakuli lile sasa linakaa kabatini, na kusema kweli nguo zinanukia vizuri.

Mambo yaliiva Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi. Tulikuwa tumepanda miche ukingoni mwa barabara, na sidhani kama kuna mwingine pale aliyefukia mche huku akiukadiria kipenyo chake cha mwaka 2050. Baada ya jembe hufuata mkutano. Tulianza na takataka, tukaja mchango wa bima ya afya, kisha mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akakohoa akasema kuna wananchi wamemwendea kuhusu mashine fulani. Hakutaja jina. Watu wote wakageuka wakanitazama mimi.

Kigali si mji wa kelele. Wageni husifu usafi wake kwanza, lakini mwenyeji anajua kwamba utulivu ndio unaolindwa zaidi. Alisimama mwalimu mstaafu akasema kwamba mota huanza pale anapojinyoosha baada ya chakula cha mchana. Alisimama kijana akasema maji ya mti yalimpata akiwa njiani kwenda kazini. Shemeji alisimama, nikadhani ananitetea, akaeleza habari za gurudumu. Nilikuwa natafuta maneno yangu, nikitaka kuanzia na Petosiris, aliposimama Mama Kuku. Yeye hakuzungumzia ufundi, wala misitu, wala urithi wa pwani. Aliuliza tu: mashine ikizimwa, kuku wake watalalia nini? Akaongeza kwamba miongoni mwa waliosimama kulalamika, wanaokula mayai yake anawajua, na wanaokula kwa mkopo anawajua zaidi.

Azimio lilipita upesi. Keezo litafanya kazi asubuhi, litanyamaza mchana mpaka alasiri ipite, na halitasikika usiku. Maranda yatatoka kila wiki. Kuhusu mabakuli mkutano haukusema kitu. Tulipokuwa tunatawanyika mkuu wa mudugudu alinivuta kando, akaangalia kushoto na kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumtengenezea kifimbo cha kusukumia chapati, kile cha nyumbani kimepinda. Nilimtengenezea kwa mti wa mjakaranda. Kifimbo ni kazi rahisi kuliko zote, ni kirefu na duara basi, na ndicho kitu pekee nilichokianza kikaishia kuwa kile nilichokikusudia.

Nimewahi kuletewa na umuko, ule mti wa maua mekundu. Katika masimulizi ya Wanyarwanda ndio uliompokea shujaa Ryangombe alipopigwa pembe na nyati, na katika ibada za kubandwa una heshima yake. Mama Kuku alipouona kibarazani alisimama mbali akatikisa kichwa. Mimi ni Mwislamu wa Nyamirambo, mambo hayo siyafuati. Niliurudisha ulikotoka kesho yake asubuhi mapema, kwa sababu ni mti laini mno.

Baada ya yote hayo nina hukumu yangu kuhusu miti ya hapa, na naitoa bila woga. Mparachichi ni mzuri kwa mwenye subira na asiye na shemeji wa kike. Mjakaranda ni mpole, unafaa kujifunzia. Mgrevilea una mchoro wa kupendeza, ila vumbi lake litakuwasha, jifunge pua. Saiprasi, wekea nguo. Mkaratusi wa paa la zamani, mpelekee mwenye tanuri naye akupe mkate. Mti wa kweli ni umusave, ule wa maua ya njano unaopandwa mipakani mwa mashamba: mchwa hawaupendi, haufanyi vurugu ukikauka, na patasi hupita ndani yake ikiimba. Nimewahi kupata kipande kimoja tu, nguzo ya lango lililong'olewa. Kilinipa kibakuli kidogo cha karanga, duara mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu msomaji wa Kigali, ukivunja lango la zamani, au ukipata kibali cha kuangusha umusave uliozeeka, kabla hujamwita mchoma makaa nikumbuke mimi. Nitakuja mwenyewe, nitabeba mwenyewe, helmeti ninayo. Misumari tafadhali ing'oe kabla sijafika. Malipo ni bakuli, ukiwa na subira; ukiwa na haraka, ni pia. Maranda usiyaulize, yana mwenyewe.